Kupanga Diski za Hifadhidata kwenye Klasta ya Seva Mbili: Mwongozo Kamili wa LVM na Pacemaker

Seva mbili zinaona diski moja. Moja inaendesha hifadhidata, nyingine imekaa tayari kushika kazi ya kwanza ikianguka. Kila utakachosanidi katika mwongozo huu kina lengo moja: kwa wakati wowote ule, ni seva moja peke yake inayoandika kwenye diski hiyo. Mfumo wa faili wa XFS ukipachikwa kwenye seva zote mbili hata kwa sekunde chache, kila seva itaamini hesabu yake yenyewe ya vitalu vilivyo wazi, na data itaharibika. Uharibifu huo unaweza kukaa kimya kwa wiki nyingi, hadi siku ukurasa uliovurugika utakaposomwa.

Wapo wanaodhani hifadhidata itajilinda yenyewe. PostgreSQL, hifadhidata tutakayoitumia hapa, huweka faili la `postmaster.pid` ndani ya saraka ya data ili kuzuia nakala ya pili isianze. Lakini ukaguzi huo hutazama michakato na kumbukumbu ya pamoja ya mashine ileile tu. Seva ya pili haiwezi kuona michakato ya seva ya kwanza, kwa hiyo italichukulia faili hilo kuwa mabaki ya ajali na kuendelea kuwaka. Ulinzi lazima uanzie chini zaidi, kwenye LVM (safu ya Linux inayogawa diski kuwa volyumu) na kwenye klasta yenyewe, yaani seva hizi mbili zikiongozwa na Pacemaker, programu inayoamua ipi iendeshe huduma.

Amri zilizo hapa ni za RHEL 9 na ndugu zake kama Rocky na AlmaLinux. Kwenye Debian na Ubuntu zana ni hizohizo, ila njia za baadhi ya mafaili hutofautiana. SUSE hutumia `crm` badala ya `pcs`. Nodi zetu, yaani seva za klasta, ni `nodi1` na `nodi2`, na hifadhidata ni PostgreSQL. Anayetumia MySQL au MariaDB atabadilisha hatua zinazomhusu `postgres` na rasilimali ya mwisho (rasilimali ni kila kitu ambacho klasta hukiwasha na kukizima).

Maandalizi kabla ya kugusa diski

Hakikisha namba ya mtumiaji `postgres` inalingana kwenye nodi zote mbili. Mfumo wa faili hauhifadhi majina, unahifadhi namba. Vifurushi vya Red Hat humpa `postgres` namba 26, kwa hiyo kwa kawaida hakuna shida. Kwenye Debian namba hugawiwa wakati wa kusakinisha, na nodi mbili zinaweza kupishana. Kagua kwa `id postgres` kila upande.

Linganisha pia toleo la glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Hili husahaulika sana, na madhara yake ni makubwa. PostgreSQL, isipotumia ICU (maktaba nyingine ya kanuni za lugha), hupanga maandishi kwa kufuata kanuni za glibc, na toleo la 2.28 la mwaka 2018 lilibadilisha kanuni hizo kwa lugha nyingi. Faharasa iliyojengwa kwa mpangilio wa zamani ikisomwa na nodi yenye mpangilio mpya, hoja inaweza kukosa safu ambazo zimo, na kizuizi cha upekee kinaweza kuruhusu marudio. Klasta ndiyo mahali pa kunaswa na mtego huu, kwa sababu desturi ni kuboresha mfumo wa nodi ya akiba kwanza kisha kuhamisha huduma. Ukivuka mpaka wa 2.28 kwa namna hiyo, panga `REINDEX`, yaani kujenga upya, ya faharasa zote za maandishi kabla ya kuwafungulia watumiaji.

Mwisho, ondoa hifadhidata mikononi mwa systemd, ambayo huwasha huduma mashine inapowaka, kwenye nodi zote mbili:

```
systemctl disable --now postgresql
```

Saraka ya data isiwekwe kwenye `/etc/fstab` pia. Kuanzia hapa, anayewasha na kuzima ni klasta peke yake.

Njia za kufikia diski

Hifadhi ya pamoja kwa kawaida hufikiwa kwa njia mbili au nne, za nyuzi za Fibre Channel au za iSCSI. Bila multipath, huduma inayounganisha njia hizo kuwa kifaa kimoja, LUN moja (diski inayotolewa na hifadhi) itaonekana kama diski mbili au nne tofauti. Washa huduma kwenye nodi zote mbili:

```
mpathconf --enable --with_multipathd y
multipath -ll
```

Majina ya kujitungia kama `mpatha` hayana uhakika wa kufanana: `mpatha` ya nodi ya kwanza inaweza kuwa `mpathb` ya nodi ya pili. Ipe kila LUN jina lako mwenyewe kwa kutumia WWID yake (kitambulisho chake cha kipekee), na uandike hivyohivyo kwenye `/etc/multipath.conf` ya kila nodi:

```
defaults {
    find_multipaths yes
    no_path_retry 5
}
multipaths {
    multipath {
        wwid   WWID_YA_LUN_YAKO
        alias  db_data
    }
}
```

Mstari wa `no_path_retry` una uzito kuliko unavyoonekana. Watengenezaji wengi wa hifadhi hupendekeza thamani ya `queue`, yaani njia zote zikikatika, maandishi (data inayoandikwa diskini) yasubiri foleni bila kikomo. Kwa seva inayojitegemea hilo lina mantiki. Kwenye klasta ni balaa: hifadhidata inaganda, jaribio la kuondoa mfumo wa faili linaganda nalo, na hakuna kosa linalorudi la kumwambia Pacemaker kwamba diski haipo. Weka idadi yenye kikomo, ili baada ya majaribio hayo kosa lirudi na klasta ichukue hatua.

Kuipa LVM mmiliki

Njia ninayoipendekeza kwa hifadhidata ni ile ya kitambulisho cha mfumo (system ID). Kila kikundi cha volyumu, yaani diski ambazo LVM huziunganisha na kuzikata volyumu, hubeba jina la nodi inayokimiliki, na nodi nyingine yoyote hukataa kukiwasha. Ipo njia ya pili, `lvmlockd` pamoja na DLM (huduma ya kufuli za pamoja), ambayo huwezesha nodi kadhaa kutumia kikundi kimoja kwa pamoja. Hiyo ni ya GFS2 na mifumo mingine ya faili inayoshirikiwa. PostgreSQL na MySQL haziwezi kufungua saraka moja ya data kutoka seva mbili hata zikiwa juu ya GFS2, kwa hiyo ugumu wake hautakuletea faida hapa. Maelekezo ya zamani yanayotaja `clvmd` yaache. Huduma hiyo iliondolewa tangu RHEL 8.

Kwenye nodi zote mbili, fungua `/etc/lvm/lvm.conf` na uweke ndani ya sehemu ya `global`:

```
system_id_source = "uname"
```

Kisha linganisha majibu ya `lvm systemid` na `uname -n`. Lazima yawe sawa, na lazima yatofautiane kati ya nodi na nodi. Seva zilizozaliwa kwa kunakili mashine moja ya mfano wakati mwingine hubaki na jina moja, na hapo ulinzi wote huu unakuwa bure.

Sasa, kwenye `nodi1` pekee:

```
pvcreate /dev/mapper/db_data
vgcreate --setautoactivation n vg_db /dev/mapper/db_data
vgs -o+systemid
```

Chaguo la `--setautoactivation n` linazuia volyumu zisiwashwe zenyewe mashine inapowaka. Matoleo ya LVM yasiyo na chaguo hilo hutumia `auto_activation_volume_list`: unaorodhesha vikundi vya mfumo pekee, unaacha `vg_db` nje, kisha unajenga upya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia mashine inapowaka) kwa `dracut`.

RHEL 9 huongeza jambo moja. LVM haikagui tena kila diski inayoiona. Inasoma orodha iliyo kwenye `/etc/lvm/devices/system.devices`. Nodi iliyounda kikundi imeshajiandikia diski hiyo. Nodi ya pili haijui lolote, hivyo iambie:

```
# kwenye nodi2
lvmdevices --adddev /dev/mapper/db_data
```

Kukata volyumu

Swali linaloulizwa kila mara ni kama kumbukumbu za miamala, yaani WAL, zikae volyumu yake peke yake. Ikiwa LUN ya WAL inatoka kwenye diski tofauti kabisa, fanya hivyo. Ikiwa volyumu zote zinatoka kwenye LUN ileile, kuzitenganisha hakuongezi kasi, maana maandishi yote yanaishia mahali pamoja, na unajinyima jambo la thamani. Snapshoti ya LVM, yaani picha ya data kwa nukta moja ya wakati, ni ya volyumu moja. Data ikiwa huku na WAL kule, snapshoti mbili haziwezi kuchukuliwa kwa nukta ileile ya wakati, na nakala utakayorudisha inaweza isiwake. Mimi huweka data na WAL pamoja, kisha natenga volyumu ya pili kwa ajili ya WAL zilizokwisha kuhifadhiwa, ambazo ndizo hujaa ghafla zikiachwa bila kusafishwa.

```
lvcreate -n lv_data -L 500G vg_db
lvcreate -n lv_hifadhi -L 150G vg_db
mkfs.xfs /dev/vg_db/lv_data
mkfs.xfs /dev/vg_db/lv_hifadhi
```

Usimalize nafasi yote ya kikundi. Bakiza angalau sehemu moja ya kumi kwa snapshoti na kwa dharura. XFS hupanuliwa lakini haipunguzwi, kwa hiyo gigabaiti uliyoigawa leo hairudi kesho.

Volyumu za aina ya kujigawia taratibu, zile za `thin`, siziwekei hifadhidata ya uzalishaji bila ufuatiliaji mkali. Bwawa lake likijaa, mfumo wa faili unaoamini bado una nafasi hukataliwa kuandika katikati ya kazi.

Pachika volyumu kwa mkono mara moja, tengeneza saraka ndogo ndani yake, kisha uanzishe hifadhidata humo:

```
mkdir -p /srv/db /srv/hifadhi      # fanya hili kwenye nodi zote mbili
mount /dev/vg_db/lv_data /srv/db
install -d -o postgres -g postgres -m 700 /srv/db/pgdata
su - postgres -c "initdb -D /srv/db/pgdata"
umount /srv/db
vgchange -an vg_db
```

Saraka ndogo ya `pgdata` ina sababu yake. Siku volyumu isipopachikwa, `/srv/db` itakuwa tupu, `pgdata` haitakuwepo, na PostgreSQL itakataa kuwaka kwa sauti. Ungetumia `/srv/db` yenyewe kuwa saraka ya data, hati yoyote inayojiendesha ingeweza kukuta saraka tupu na kuanzisha hifadhidata mpya juu ya diski ya mfumo.

Klasta, na nguvu ya kuzima nodi

```
dnf install pcs pacemaker fence-agents-all
firewall-cmd --permanent --add-service=high-availability && firewall-cmd --reload
systemctl enable --now pcsd
passwd hacluster                   # hadi hapa, kwenye nodi zote mbili
pcs host auth nodi1 nodi2 -u hacluster
pcs cluster setup klasta_db nodi1 nodi2
pcs cluster start --all
```

Sikuweka `pcs cluster enable`, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Nodi iliyozimwa kwa nguvu ina tatizo. Ikiwaka upya, afadhali ikae nje ya klasta hadi mtu aisome, kuliko ijiunge yenyewe na kuanza kuzozana tena na mwenzake.

Kisha inakuja sehemu ambayo watu huiruka kwa kuweka `stonith-enabled=false`, yaani kuinyima klasta uwezo wa kuzima nodi kwa nguvu. Tafadhali usifanye hivyo kwenye klasta inayobeba data ya watu. `nodi2` ikipoteza mawasiliano na `nodi1`, haina namna ya kujua kama mwenzake amekufa au mtandao tu ndio umekatika. Jibu salama ni moja: kata umeme wa `nodi1`, pata uthibitisho kwamba umekatika, ndipo uchukue diski. Kitambulisho cha mfumo cha LVM hakitoshi hapa, kwa sababu klasta yenyewe ndiyo inayokibadilisha wakati wa kuhama. Bila kuzima, itakibadilisha huku mmiliki wa zamani akiendelea kuandika.

```
pcs stonith create zima_nodi1 fence_ipmilan ip=10.0.9.11 \
    username=klasta password=SIRI lanplus=1 pcmk_host_list=nodi1
pcs stonith create zima_nodi2 fence_ipmilan ip=10.0.9.12 \
    username=klasta password=SIRI lanplus=1 pcmk_host_list=nodi2
pcs property set stonith-enabled=true
pcs resource defaults update priority=1 resource-stickiness=1000
pcs property set priority-fencing-delay=15s
```

Mstari wa mwisho unazuia nodi mbili kuzimana kwa wakati mmoja mawasiliano yanapokatika: ile isiyo na kazi huchelewa kidogo kumzima mwenzake, na inayohudumu hushinda. Mahali ambapo IPMI (njia ya kudhibiti umeme wa seva kwa mbali, inayotumiwa na `fence_ipmilan`) haipatikani, `fence_scsi` humnyima nodi ruhusa ya kuandika kwenye LUN, kwa sharti kwamba hifadhi inakubali `persistent reservations` za SCSI-3.

Akidi, yaani wingi wa kura unaoiruhusu klasta kufanya kazi, nayo ifikirie mapema. Nodi mbili zikitengana, hakuna yenye wingi wa kura, hivyo Corosync (sehemu ya mawasiliano ya klasta) huwekewa hali maalumu ya `two_node`. Ukiwa na mashine ya tatu ndogo, hata isiyofikia diski, ifanye shahidi wa kura kwa `corosync-qnetd`. Inasaidia sana mgawanyiko unapotokea.

Rasilimali, kwa mpangilio wake

Rasilimali za kundi moja huwashwa kutoka juu kwenda chini, na huzimwa kinyume chake:

```
pcs resource create db_lvm ocf:heartbeat:LVM-activate \
    vgname=vg_db vg_access_mode=system_id --group kundi_db
pcs resource create db_fs ocf:heartbeat:Filesystem \
    device=/dev/vg_db/lv_data directory=/srv/db fstype=xfs \
    options=noatime --group kundi_db
pcs resource create db_hifadhi ocf:heartbeat:Filesystem \
    device=/dev/vg_db/lv_hifadhi directory=/srv/hifadhi \
    fstype=xfs options=noatime --group kundi_db
pcs resource create db_ip ocf:heartbeat:IPaddr2 \
    ip=10.0.0.50 cidr_netmask=24 --group kundi_db
pcs resource create db_pg ocf:heartbeat:pgsql \
    pgctl=/usr/bin/pg_ctl psql=/usr/bin/psql pgdata=/srv/db/pgdata \
    op start timeout=600s op stop timeout=300s --group kundi_db
```

Anwani ya IP imetangulia hifadhidata kwa sababu `listen_addresses` ikitaja anwani hiyo mahususi, PostgreSQL lazima iikute ipo tayari.

Muda wa kusubiri ndio unaohitaji fikra zaidi kuliko kitu chochote katika orodha hiyo. Nodi ikifa ghafla, PostgreSQL ya upande wa pili haianzi kuhudumia papo hapo. Inarudia kwanza miamala yote iliyoandikwa tangu alama ya mwisho ya ukaguzi (checkpoint). Ikiwa `max_wal_size` umeipandisha hadi makumi ya gigabaiti, kazi hiyo huchukua dakika. Muda wa kuwasha ukiwa mfupi kuliko hapo, Pacemaker huhesabu kwamba kuwasha kumeshindikana, huizima hifadhidata katikati ya urejeshaji, na kwa kuwa kushindwa kuwasha huifungia nodi hiyo, huduma hubaki bila pa kwenda. Data haipotei, lakini mfumo uliojengwa usizimike unazimika wenyewe. Pima urejeshaji mrefu kabisa unaoweza kutokea, kisha weka muda unaozidi huo maradufu.

Muda wa kuzima nao una ukali wake. Rasilimali ikishindwa kuzimika ndani ya muda uliopewa, klasta huizima nodi nzima kwa nguvu.

Majaribio

Anza na lile la upole:

```
pcs node standby nodi1
pcs status
vgs -o+systemid          # kwenye nodi2: jina la mmiliki limebadilika?
pcs node unstandby nodi1
```

Kisha fanya ya kweli, huku programu ya majaribio ikiandika mfululizo kwenye hifadhidata. Angusha kerneli ya nodi inayohudumu kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`. Siku nyingine chomoa waya za mtandao wa klasta ukiacha umeme na diski. Siku nyingine kata njia zote za diski ukiacha mtandao. Matukio haya matatu hupita njia tofauti kabisa ndani ya klasta, na la tatu ndilo hufichua `no_path_retry` iliyoachwa kwenye `queue`. Baada ya kila jaribio, hesabu safu ambazo programu ilithibitishiwa kuwa zimeandikwa. Zote lazima ziwepo.

Snapshoti bila kuiangusha huduma

```
lvcreate -s -n snap_data -L 40G /dev/vg_db/lv_data
mount -o ro,nouuid /dev/vg_db/snap_data /mnt/snap
```

Chaguo la `nouuid` linahitajika kwa sababu XFS haikubali mifumo miwili ya faili yenye kitambulisho kimoja kwenye mashine moja. Snapshoti hupunguza kasi ya maandishi muda wote inapokuwepo, na ikijaa hubatilika, ingawa volyumu ya asili huendelea salama.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye `/mnt/snap`. Klasta haijui kwamba umepachika kitu hapo. Huduma ikitakiwa kuhama wakati nakala inaendelea, `db_lvm` haitaweza kuzima kikundi kwa sababu volyumu moja bado inatumika, kuzima kutashindikana, na nodi itakatwa umeme. Hati yako ya nakala iondoe upachikaji na ifute snapshoti hata pale inapokatizwa njiani, na uhamisho wowote wa kupangwa usubiri imalize.

Kuongeza ukubwa

Upanuzi huonekana kufanikiwa siku unapofanywa, kisha huduma ikakwama miezi baadaye ilipotakiwa kuhama. Chanzo ni kwamba kazi ilifanyika upande mmoja tu. Ukiongeza LUN mpya, iweke kwenye `multipath.conf` ya nodi zote mbili. Kisha, kwenye nodi inayohudumu:

```
pvcreate /dev/mapper/db_data2
vgextend vg_db /dev/mapper/db_data2
lvextend -r -L +200G /dev/vg_db/lv_data
```

Na kwenye nodi ya akiba, mara tu baada ya `pvcreate`:

```
lvmdevices --adddev /dev/mapper/db_data2
```

Ukisahau amri hii, LVM ya nodi ya akiba itaona kikundi kilichokosa kipande, na itakataa kukiwasha siku unayokihitaji.

Ikiwa umekuza LUN ileile iliyopo, kila nodi lazima isome upya ukubwa wa kila njia, ndipo `pvresize` ifuate kwenye nodi inayohudumu pekee:

```
echo 1 > /sys/block/sdX/device/rescan     # kila njia, nodi zote mbili
multipathd resize map db_data             # nodi zote mbili
pvresize /dev/mapper/db_data              # nodi inayohudumu tu
lvextend -r -L +200G /dev/vg_db/lv_data
```

Linganisha `lsblk -b /dev/mapper/db_data` ya nodi mbili kabla ya `pvresize`. Baiti zikitofautiana hata moja, usiendelee. Chaguo la `-r` linapanua XFS papo hapo, hifadhidata ikiwa inahudumu. Ukimaliza, omba dirisha la matengenezo wiki hiyohiyo na uhamishe huduma kwenda nodi ya pili kwa `pcs node standby`, ukaiache huko ifanye kazi hadi zamu ijayo.